Zinaogelea

Neno lililonivunjia nyumba ni "zinaogelea". Mtu wa maabara wa zahanati moja hapa Kasulu aliinua jicho kwenye hadubini, akamwambia mume wangu, "Mzee, huna shida. Zinaogelea vizuri tu." Mume wangu akatoka pale kifua mbele, akawanunulia soda vibarua wa tanuri lake la matofali. Hadi jioni, kwao Makere walishajua kwamba mbegu za mtoto wao zinaogelea, na kwamba mwenye kasoro ni mwalimu.

Mwalimu ni mimi. Nafundisha biolojia sekondari, na mimba zangu zilikuwa zikitoka moja baada ya nyingine, zote changa. Shangazi yake akaniletea mizizi ya kuchemsha, michungu hadi ulimi unakufa ganzi. Nilikunywa kwa miaka. Yeye mume hakuonja hata kijiko. Mkuki kwa nguruwe, bwana.

Nilipochoka nikamburuta hadi Mwanza kwa daktari wa uzazi. Kipimo chake hakikuangalia kama mbegu zinaogelea, kiliangalia mzigo zilioubeba. Majibu yalipotoka alituketisha wote wawili, akatueleza taratibu. Kwenye seli nyingine za mwili, alisema, uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni. Mbegu ya mwanamume inapokomaa, karibu histoni zote huondolewa, na mahali pake huingia protini ndogo zaidi, protamini, ambazo huukaza uzi mpaka ukaenea kwenye kile kichwa kidogo na kusafiri salama. Katika kupangwa upya huko uzi hukatwa hapa na pale ili ujikunjue, kisha huungwa tena. Kazi hiyo ikiharibika, uzi hubaki umelegea, na vipande vingine havijaungwa. Mbegu huogelea kama kawaida. Hufika, hurutubisha yai, yai likajaribu kukarabati uharibifu ule, na likishindwa mimba hutoka.

"Sigara na joto la tanuri vinaweza kuchangia," akamwambia mume wangu. "Acha vyote viwili, usubiri mbegu mpya zitengenezwe, kama miezi mitatu hivi, tupime tena. Siahidi kitu, ila tuanzie hapo."

"Sawa, dokta," mume wangu akaitikia.

Kwenye basi aliniomba nisimwambie mtu. Nikanyamaza, nikidhani namtunzia heshima wakati anajirekebisha. Siku iliyofuata alikuwa tanurini, pakiti ya sigara mfukoni.

Mama mkwe wangu hapandi maharage kabla hajafunga machache kwenye kitambaa kibichi aone kama yanaota. Anajua fika kwamba mbegu inaweza kung'aa nje na ndani ikawa bure. Ya mwanawe hakutaka kuyajua. Aliitisha kikao, kaka yangu akaitwa kutoka Kibondo, mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati, wakatangaza kwamba wamepata binti huko Nyabibuye. Kwetu mkamwana hasemi kwenye kikao cha wakwe. Hukaa jikoni, akasikia maisha yake yakipangwa upande wa pili wa ukuta.

Niliingia nikasema. Niliyataja yote, Mwanza, kipimo, sigara, tanuri, kusubiri mbegu mpya, na sauti yangu haikuwa ya adabu hata kidogo.

"Mwanangu, ni kweli?" baba mkwe akamuuliza.

Mume wangu aliutazama mtungi. "Madaktari wanasema mengi, baba. Mimi nilipimwa hapa hapa. Zinaogelea."

Nilimchukia pale pale. Huyu ndiye aliyekuwa akinishika mkono nikivuja damu, aliyeketi kiti cha pembeni yangu kwa daktari, na sasa alikuwa ananitoa nyumbani kwangu kwa sentensi moja. Wazee wakaendelea kupanga siku ya kwenda Nyabibuye. Kaka yangu akasimama. "Dada, chukua nguo zako, twende."

Mama mkwe alinifuata hadi barabarani. Nilidhani anakuja kunitukana, nikajiandaa kumjibu. Alitazama nyuma kama kuna anayesikia, akanishika mkono.

"Mwana wanje," akanong'ona, akiniita mwanangu kwa Kiha, "huyo dokta alisema asubiri muda gani? Tusije tukamleta binti wa watu mapema."

"Mwulize mwanao, mama," nikamwambia. "Alikuwepo."