Shepadi, Rotwaila na Fimbo ya Baba

Baba alipohamia kwangu Kitengela, akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Mara mbili nilimkuta amevuka geti, anakatiza uwanda akiwa na fimbo yake, na nilipomuuliza alisema anaenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe wenyewe tuliwauza nikiwa shule ya msingi. Ua wetu ni wa waya, majirani wako mbali, na mimi hushinda kwenye cherehani nikishona sare za shule. Halafu wezi wakavunja nyumba ya pili kutoka kwetu, mchana kweupe.

Kaka yangu akanipigia simu. "Tafuta mbwa," akasema. "Rotwaila. Mwizi akimwona tu, anarudi."

Mimi nilikuwa nimesikia shepadi ndiye mwerevu. Lakini wezi hawakuwa hofu yangu kubwa. Baba alikuwa na tabia ya kuinua fimbo kwa chochote kinachomkaribia ghafla, hata mimi nikimletea chai. Nilikuwa nikimwona akilini amempiga mbwa mkubwa kichwani, na hapo nilishindwa kuendelea kuwaza. Wiki nzima nilishona mikono ya mashati kinyume, nikafumua, nikashona tena.

Jumamosi nilimpeleka Baba Isinya kwa mzee wa Kimaasai aliyewahi kufunza mbwa wa polisi na sasa anafuga wake. Mzee alimsalimia Baba, "Sopa," na Baba, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amesahau jina langu, akajibu sawasawa, "Ipa." Tukamkalisha kwenye kiti, kivulini.

Rotwaila alitolewa kwanza, dume zito. Alikuja polepole, akaegemeza mwili wake wote kwenye goti la Baba. Fimbo ikainuka. Nilimshika mzee mkono bila kujua. Mbwa aliitazama ile fimbo, akapiga miayo, akalala.

"Huyu ni mpole," mzee akasema. "Shida ni uzito. Baba yako akiegemewa hivi akiwa amesimama, anaanguka."

Shepadi, jike, alikuwa bado nyuma ya waya, anazunguka, anabweka.

"Huyu ako na kelele," nikasema.

"Ako na macho. Akiona kitu kinaenda mahali hakifai, hawezi kunyamaza."

Sikutaka kelele. Kelele zingemtia Baba wasiwasi, na mimi pia. Moyoni nilikuwa nimeshamchagua rotwaila. Tukaenda nyuma ya banda mzee anionyeshe chakula chao kinavyopikwa, na shepadi akaanza tena. Mzee akamkaripia. Hakunyamaza. Nikaona haangalii upande wetu, anaangalia upande wa barabara. Niligeuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Geti dogo lilikuwa wazi. Baba alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara ya Namanga, mguu mmoja juu ya lami, upepo wa malori ukipeperusha koti lake. Sikumwita, niliogopa angeshtuka na kuingia barabarani. Nilimfikia, nikamshika mkono, tukarudi nyuma hatua kwa hatua.

"Nilikuwa nangoja ng'ombe wapite," akasema.

Mzee aliniletea chai, nikaiweka chini. Rotwaila alikuwa bado amelala pale pale.

"Na fimbo?" nikamuuliza mzee. "Shepadi akipigwa?"

Alimtoa akiwa amemfunga kamba. Baba akainua fimbo. Mbwa akarudi nyuma mpaka mahali ambapo fimbo haifiki, akaketi.

"Nafikiri ataihepa," mzee akasema. "Lakini usiwaache peke yao miezi ya kwanza. Siwezi kukuapia."

Nilitaka aniapie. Tuliondoka na shepadi hata hivyo.

Nilihamisha cherehani mpaka mlangoni. Wiki ya pili Baba alimpiga, mgongoni, kabla sijasimama. Mbwa alilia akajificha nyuma ya tangi la maji, na siku mbili nzima niliwatenganisha, nikingoja alipize. Hakulipiza. Siku ya tatu nilimfungulia, akaanza kumfuata Baba uani, hatua chache nyuma yake.

Anabwekea mbuzi wa jirani, nguo kwenye kamba, upepo. Kila mara naacha kushona natoka nje, na kwa kawaida si kitu. Mara nne sasa nimemkuta Baba ameshika komeo la geti, na mbwa amesimama kati yake na njia.