Ramnik na Chungwa la Chumba cha Tano

Kuna jambo nimelificha zaidi ya miaka thelathini, na mtu niliyemficha amefariki leo asubuhi. Akili yangu imekataa kabisa. Ramnik? Huyu niliyekaa naye Jumanne hii, akanikatalia kummenyea ndizi yake?

Binti yake Hansa ndiye aliyepiga simu. "Uncle Seif, Daddy's gone." Nikamjibu, "Hapana mwanangu, hebu mtazame vizuri." Mjinga mimi! Kana kwamba mtoto anaweza kukosea jambo hilo.

Nina miaka themanini na mbili, moyo wangu umechoka na daktari hanifichi. Nimeandika yote, mjukuu wangu atayaweka hapa mtandaoni kama yalivyo.

Baadhi yenu mliikula ile chokoleti. Mche mmoja, vyumba vitano, kila chumba na kitu chake ndani: stroberi, kahawa, nazi, karameli, na mwisho chungwa. Ilianza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ikasimama sukari ilipokosekana, ikarudi. Wazee wa kiwandani kwetu, hapa Uingereza, walituambia chungwa liliingia iliporudi.

Ramnik, mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyelipika chungwa hilo miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa juu, maabara.

Hakuamini kipimajoto. "Hicho cha supavaiza. Mimi nasikiliza. Ikinyamaza tu, sheikh, toa!" Na kweli, shira ile ya chungwa ilikuwa ikichemka kwa kelele, halafu ghafla inatulia.

Nilimletea halua ya kwetu Unguja. Akatafuna, akafikiri. "Nzuri. Lakini aliyepika alikuwa kiziwi."

Kisha wakubwa wakaamua chumba kimoja kiondoke, mche uwe wa bei nafuu. Watu watano tukaitwa kwenye tasting panel, meza ya waonjaji, tuchague kati ya nazi na chungwa. Mimi nilikuwa wa kwanza katika watu wetu kukalishwa kwenye meza ile.

Kura tatu kwa mbili. Chungwa likatoka. Sababu iliyoandikwa: lina uchungu.

Masufuria yake ya shaba yakauzwa kama chakavu. Ramnik akapelekwa kufunga maboksi. Mche wa vyumba vinne uliishi miaka michache, watu wakasema siyo ule, ukafa.

Maboksi hayakumuuma. Kilichomuuma ni lile neno, uchungu. Nyumbani kwake Kingsbury, London, alipika tena na tena akitafuta alipokosea, na kila nikienda ananiwekea kijiko mbele. Mkewe Kusum anapiga kelele jikoni, "Baba Hansa, mwache shemeji anywe chai!"

Jumanne hospitalini, na mpira wa oksijeni puani, akaniuliza tena. "Seif, wewe ulikuwemo. Uchungu ule ulikuwa wa ganda au wa kuungua?"

"Wa ganda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi niliacha nyeupe nyingi ya ndani ya ganda. Nisamehe, nilikuaibisha mbele ya wazungu."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Nilishuka kwa lifti, nikaapa Jumamosi nitamwambia. Leo ni Ijumaa.

Ramnik, ndugu yangu, hukuacha nyeupe wala hukuunguza. Lala, usilitafute tena kosa ambalo hukulifanya.

Siku ile ya kuonja, Idi ilikuwa imepita, nawe ulidhani nimemaliza kufunga. Nilikuwa kwenye sita, zile siku sita tunazofunga baada ya Ramadhani. Ni sunna tu, ningeweza kufungua, au kuwaambia waningoje kesho. Niliona haya. Niliogopa watasema hawa watu wana mambo mengi, wasituite tena.

Nikagusisha kijiko kwenye midomo iliyofungwa, nikachungulia karatasi ya jirani yangu, nikaandika alichoandika yeye. Kura ya tatu ilikuwa yangu, na chungwa lako sikulionja.