Fisi wa Bibi Kwenye Pazia

Pazia lile nililinunua mimi. Nalisema mapema, maana siku lilipotakiwa kusemwa nilifyata mkia.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipofurika Mwanza. Nilikuwa kidato cha tatu. Robota lilipofunguliwa, nikagombania na akina mama wazima mpaka nikapata pazia lenye miungu ya Misri ya kale: mama aliyekunjua mabawa, mtu mwenye kichwa cha ndege, na mwingine mwenye kichwa cha mbweha, kachuchumaa kando ya mizani. Nikampelekea bibi yangu Ilemela, kwenye kijumba chake kati ya majabali. Alifurahi huyo! Akalitundika mlangoni siku hiyohiyo.

Kumbe nimempelekea balaa. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mchawi hupanda fisi. Na bibi alikuwa mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kukausha samaki miaka nenda rudi. Sasa mlangoni kwake kakaa fisi, masikio juu! Mtoto wa jirani akashikwa na homa, basi, maneno yakaanza. Wiki haikuisha, asubuhi moja nikiwa kwa bibi, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakajaa uani na marungu yao. Vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga kwa macho mekundu tu.

"Nani kaleta fisi huyu?" mkuu wao akauliza.

Mimi kimya. Bibi akanitazama mara moja, akasema, "Nimenunua mwenyewe."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Si mmesikia?" Hapo ndipo niliposimama, nikamgeukia mkuu wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

"Huyo si fisi. Ni Anubis, mungu wa Wamisri wa zamani, tumemsoma shuleni. Walisema mtu akifa, moyo wake unawekwa kwenye mizani, na upande wa pili unyoya wa Maat, mungu wao wa haki. Moyo ukiwa mzito kwa maovu, unaliwa na dude lenye kichwa cha mamba. Anubis kazi yake ni kuangalia mizani isichezewe."

Mzee akainama mbele ya pazia. Alikuwa mkulima wa pamba, na msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wameingia vijijini na mizani zao za kupunja. Kila mkulima alikuwa na donda.

"Isichezewe kabisa?"

"Kabisa, mzee."

"Hahongwi?"

"Hahongwi."

"Sasa alikuwa wapi huyu wakati wa pamba!"

Weee! Uani palilipuka kicheko, hadi mama wa mtoto mgonjwa akacheka huku anafuta machozi. Mzee akamwambia homa inatibiwa hospitali, ampeleke sasa hivi. Wakaondoka wakiwatukana wanunuzi ambao hawakuwepo.

Nikaanguka magotini kwa bibi, nalia, nacheka, sijielewi. Alikuwa mzima! Nikamuuliza kwa nini alisema kanunua mwenyewe.

"Mimi uchawi walishanipa siku nyingi," akasema. "Wewe walikuwa hawajakupa. Ningewaachia wakupe?"

Nikamwomba msamaha. Aliligeuza pazia, miungu ikatazama ndani, akanituma maji.