Tundu la Raili

Kwetu Kainuu, kaskazini kwenye baridi kali, watu hutambiana kwa jinsi kuni zao zilivyopangwa ukutani, na kupoteza joto ni aibu kama kumwaga maziwa. Ndiyo maana Raili Heikkinen, fundi wetu wa majiko ya matofali, hagombani na wateja juu ya matofali. Hugombana nao juu ya tundu.

Jiko la kupashia nyumba joto huwashwa asubuhi. Kuni zikishaungua kabisa, unasukuma bamba la chuma ndani ya bomba la moshi ili joto lisitoroke. Ukilisukuma mapema, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ikajaa nyumbani na kukuua. Babake Raili alilisukuma mapema. Basi kila bamba analofunga Raili hulitoboa tundu la upana wa vidole viwili ili hewa hiyo ipate pa kutokea, na ukibisha anafungasha vifaa vyake anaondoka. Mimi alininunia wiki nzima, na nilikuwa nimeuliza tu.

Mwaka huu alimjengea jiko Mjomba Eino, kaka wa mama yake, anayeishi peke yake.

"Mpwa wangu, umenijengea jiko au chujio?"

"Chujio, mjomba. Linatenga wafu na wazima."

Eino hakucheka.

Jumapili Raili akaenda kunywa kahawa kwake. Eino alifungua mlango huku ameshikilia fremu.

"Kichwa kinanigonga. Nimechelewa kunywa kahawa tu."

Raili alimburuta hadi barazani akiwa na soksi tu, akamfunika koti, akampigia daktari simu, akafungua madirisha yote. Kisha akavaa glavu na kulichomoa bamba. Tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo, likasawazishwa kwa ustadi.

Alitoka nalo, akaliweka kwenye theluji mbele ya Eino.

"Umeziba vizuri, mjomba. Hata mimi nisingeweza hivi."

"Joto lilikuwa linapotea bure, jamani!"

"Baba hakupoteza. Tulimkuta bado ana joto. Si wewe ndiye uliyembeba?"

Eino alimtazama yule binti wa dada yake, kisha akachomoa kisu kiunoni na kuanza kuukwangua ule udongo, huku machozi yakimdondoka.

Raili alikaa kando yake akalishika bamba lisiteleze, hadi daktari alipofika.