Mashine Iliyosahau Tarehe

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kupenya sweta, jua halikuonekana.

Mukai alipofika kliniki alikuta watu wote wamesimama. Siku za kawaida wagonjwa wa Kawangware hukaa kwenye mabenchi wakilalamika. Wakisimama, kuna jambo. Sista Wangoi, muuguzi wa zamu, alikuwa mlangoni na tableti ya kazi mkononi.

"Mukai, imegoma. Tangu stima irudi haifungulii mtu."

"Imeandika nini?"

"Eti kuna hitilafu. Hitilafu gani, haisemi. Na Daktari anataka faili ya mtoto saa hii, si kesho."

Mukai hakuvua koti. Alipita moja kwa moja hadi kwenye kijichumba kilicho nyuma ya duka la dawa, ambamo seva ya kliniki inakaa: kompyuta nzee nyeusi juu ya meza, na rekodi zote za wagonjwa zimo ndani yake.

Mukai ana miaka arobaini na kitu. Ni mzaliwa wa Machakos na mkazi wa Kambi Muru, Kibera. Alimaliza kidato cha nne, akaja Nairobi kufanya kazi za nyumba, kisha akaajiriwa kufagia saiba, duka la intaneti, la Bwana Oyoo. Kompyuta za Oyoo zilikuwa zikiugua virusi kila mara, mpaka mteja mmoja akawaachia Linux kwenye diski. Hiyo ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuifungua na kuona ilivyoshonwa. Oyoo hakuwa na subira nayo. Mukai alikuwa nayo. Aliweka ufagio kando akasoma, na alipokwama aliwauliza watu wa mbali kwenye mabaraza ya mtandaoni, nao wakamjibu kwa adabu au kwa matusi, akachukua yaliyomfaa. Leo anatunza mashine za shule moja ya Sarang'ombe, za ofisi ya kanisa, na hii ya kliniki. Sheria yake ni moja: soma kwanza, gusa baadaye.

Siku hiyo sheria hiyo ilikuwa ngumu kufuata, kwa sababu alikuwa akimsikia mtoto kupitia ukuta wa mbao.

Mtoto aliitwa Mutinda, umri wa miaka miwili, nimonia kali. Kila akivuta pumzi, ngozi iliingia katikati ya mbavu. Alikuwa amewekewa mpira wa oksijeni puani, na mama yake, Everlyne, mwenyeji wa Kitui, alikuwa amempakata. Simeon, afisa wa tiba ambaye kila mtu humwita Daktari, alikuwa amechuchumaa mbele yao.

"Mama Mutinda, jaribu kukumbuka. Hiyo dawa iliitwaje?"

"Daktari, mimi najua ilikuwa sindano. Alidungwa hapa hapa, mwaka jana. Akavimba uso kama mandazi, akaacha kupumua. Ni nyinyi mlimrudisha."

"Nani alimdunga?"

"Alikuwa daktari mrefu hivi. Alishaenda Eldoret."

"Na kitabu cha kliniki?"

"Kiko Mwingi kwa nyanya yake. Nimepiga mpaka nimechoka. Simu imezimwa."

Simeon alikuwa na vichupa viwili kwenye sinia. Kimoja kilikuwa penisilini, kingine dawa ya ukoo mwingine kabisa. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa karibu kumuua mtoto huyu, na jina lake lilikuwa ndani ya ile kompyuta nyeusi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa, lakini lilikuwa limekwama kwenye msongamano, na hospitali ilikuwa imesema kwenye simu: anzeni dawa, msingoje. Simeon aliinuka, akasimama kwenye mlango wa kijichumba.

"Nikikosea, nitakuwa nimemuua mimi," alimwambia Mukai kwa sauti ya chini. "Nikingoja, itamuua nimonia. Nipe jina la dawa tu. Hayo mengine yote tutayaona baadaye."

"Sawa, Daktari."

Mukai aliangalia kwanza nafasi kwenye diski, maana ndiyo huwa chanzo mara nyingi. Nafasi ilikuwepo tele. Akaangalia hazina ya data, ilikuwa hai. Programu ya kliniki ndiyo iliyokuwa ikianguka kila ikijaribu kusimama. Angeweza kuingia kwenye hazina bila kupitia kwenye programu, lakini majina ya wagonjwa humo yamefichwa kwa ufunguo ambao programu pekee inaujua. Wauguzi wenyewe walitaka hivyo. Katika ploti, nyumba za kupanga zilizobanana, ambamo watu wanasikiana wakikohoa, hawakutaka mtu asome ugonjwa wa jirani yake.

Kwa hiyo akafungua kumbukumbu za mashine, kule inakoandika kila jambo linaloipata, na kama desturi yake akaandika tarehe ya leo, 15 Julai, akaomba makosa ya siku hiyo tu.

Hakukuwa na kitu.

Akaomba tena. Kimya. Mashine inaanguka mbele ya macho yake na haiandiki kosa hata moja? Alianza kufikiri kwamba diski imekufa upande wa kuandikia. Ikiwa ni hivyo, kila alichokuwa akifanya kilikuwa kinazidi kuiumiza.

"Iko nini?" aliuliza mtu nyuma yake.

Alikuwa Mzee Kiarie, mwenye ploti na mwenye kliniki. Alizaliwa hapo Kawangware wakati ploti hizo zilikuwa mahindi ya baba yake. Ni mtu mwema asiyejua kukaa bure. Kila kitu kwake kina dawa moja: zima, ngoja kidogo, washa. Amewatibia hivyo wapangaji wake pampu ya maji, televisheni na ving'amuzi, na mara nyingi vimepona.

"Bado nasoma, Mzee."

"Unasoma? Mtoto anakufa na wewe unasoma? Si uzime tu, uwashe?"

"Ilizimika alfajiri stima ilipopotea. Ikawaka. Hiyo haikusaidia."

"Haikuzimwa vizuri."

Mukai aligeukia tena kioo cha kompyuta. Aliondoa tarehe kwenye ombi lake, akaiambia mashine imwonyeshe mistari ya mwisho, ya siku yoyote ile. Ikamwaga. Makosa yalikuwepo, mengi, yamepangana kama siafu: cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika, cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Na mwanzoni mwa kila mstari, tarehe: mosi Januari 2012.

Alirudi nyuma kwenye kiti. Kisha akaiuliza mashine, leo ni lini? Ikajibu bila aibu kwamba ni Mwaka Mpya wa 2012, asubuhi.

Basi ndivyo. Programu na hazina husalimiana kwa cheti kabla ya kuzungumza, na cheti hicho kilitolewa juzi tu. Mashine iliyokuwa ikiishi mwaka 2012 ilikiona ni cha siku zijazo, ikakikataa. Kwa kawaida ingejirekebishia saa kupitia intaneti, lakini waya wa intaneti ulikatwa Jumapili na watu wanaochimba barabara.

"Nimeipata," alisema. "Daktari, nimeipata. Kidogo tu."

Aliandika tarehe ya kweli na saa ya kweli, akibonyeza herufi moja moja, maana akikosea mwaka angeweza kuamsha programu ndogo inayofuta nakala za zamani. Akasoma alichoandika. Akakisoma tena. Akabonyeza. Sasa kilichobaki ni kuianzisha programu upya. Akaanza kuandika amri hiyo.

Kioo kikawa cheusi.

Feni ya seva ikalegea, ikasimama. Katika ule ukimya pumzi za mtoto zilisikika wazi kupitia mbao. Mukai aligeuka. Mzee Kiarie alikuwa ameinama ukutani, plagi mkononi.

"Tuhesabu pole pole mpaka kumi," alisema Mzee Kiarie. "Halafu tunawasha. Utaona."

Mukai alinyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Mzee, rudisha hiyo waya."

"Bado haijafika kumi..."

"Rudisha, Mzee. Sasa."

Akairudisha. Mashine ikanguruma, ikaamka, na ikaamka tena mwaka 2012. Na sasa ilirudia jambo ambalo lazima ililifanya alfajiri, kabla Mukai hajafika. Ilipoikagua diski yake ilikuta imeandikwa kwamba imetumika mwaka 2025, na kwa hesabu yake mwaka huo haujafika. Ikashuku uharibifu. Ikaanza kuipekua diski yote, kipande kwa kipande, na kwenye kioo asilimia zikaanza kupanda taratibu, kama mzee anayepanda ngazi.

Hapo hakuna la kufanya. Ukiikatiza, unaweza kupoteza kila kitu. Ukiiacha, inakwenda kwa mwendo wake.

"Mukai?" Simeon aliita kutoka upande wa pili.

"Inajikagua, Daktari. Siwezi kuiharakisha."

"Midomo yake imeanza kubadilika rangi."

Everlyne alikuwa ameanza kuomba kwa Kikamba, si kwa sauti, mistari mifupi inayojirudia. Mzee Kiarie alisimama pale pale, mikono ikiwa imening'inia, kama mtu aliyevunja sahani nyumbani kwa watu.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Kaa karibu na hiyo plagi," Mukai alimwambia. "Mtu yeyote asiiguse. Hata wewe."

"Hata mimi," alisema Mzee Kiarie, akavuta mtungi mtupu wa maji, akaukalia.

Wakati asilimia zikipanda Mukai alijiuliza swali lililobaki. Kompyuta ikizimika haisahau saa; ina betri ndogo ya duara, kama sarafu, inayoitunza. Alichukua tochi ya simu, akamulika kupitia upande wa kasha. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa tu, skrubu hazipo. Na mahali pa betri palikuwa patupu.

"Sista, nani alifungua hii mashine?"

Wangoi alikuwa akiirekebisha oksijeni. Alijibu kupitia ukuta.

"Ni mimi. Jana jioni. Mizani ya watoto ilikuwa imekufa, na duka la betri lilikuwa limefungwa. Nikaona hiyo kitu iko kwa stima kila saa, betri ni ya nini? Ni size moja." Sauti ilimshuka. "Nilimpima na hiyo mizani, Mukai. Huyu Mutinda. Bila kilo zake Daktari hangejua atampa dawa kiasi gani."

Mukai aliitazama ile nafasi tupu. Hakuwa na la kumlaumu. Yeye mwenyewe angemwambia mtu mwingine afanye hivyo hivyo.

"Acha ikae huko kwa mizani," alisema. "Saa nitaiweka kwa mkono."

Asilimia zilifika mwisho. Kioo kikatulia, kikaomba jina na nywila. Mukai aliingia. Akaandika tarehe, akaisoma, akaibonyeza. Hazina ya data ilikuwa imekatwa katikati ya kazi, nayo ikaanza kurudia mistari yake ya mwisho ili ijue ilikuwa imefika wapi. Alisubiri herufi zake za kijani, dalili kwamba iko tayari, zitokee. Zikatokea. Akaianzisha programu. Mstari mmoja, mstari wa pili, kisha kimya kirefu ambacho Mzee Kiarie alikipokea kwa kushika kichwa.

Kisha programu ikasimama, safari hii bila kuanguka.

"Sista, jaribu."

Wangoi aligusa tableti. "Imefungua. Imefungua. Mutinda wako wengi hapa."

"Tafuta kwa namba ya mama."

Everlyne aliitaja namba yake, tarakimu moja moja. Wangoi akashusha kidole kwenye kioo, akapita chanjo, akapita kuharisha, akasimama.

"Penisilini," alisoma. "Uso ulivimba, pumzi zikakatika. Asipewe tena."

Simeon aligeukia sinia. Aliinua kile kichupa kilichokuwa karibu zaidi na mkono wake, akakisoma jina, akakiweka mbali, juu ya kabati. Akachukua cha pili, akaivuta dawa kwa kipimo cha zile kilo za mizani.

"Mama Mutinda, mshike mguu. Vizuri. Atalia, na nataka alie."

Mtoto alilia, kilio chembamba cha mtu asiye na nguvu. Wote walikaa wakimwangalia uso. Haukuvimba. Gari la wagonjwa lilipofika, rangi ya midomo ilikuwa imeanza kurudi, na Everlyne aliingia nalo akiwa na jina la dawa iliyokatazwa limeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja chake, kwa mwandiko wa Simeon.

Jioni hospitali ilipiga simu. Mutinda alikuwa bado kwenye oksijeni, lakini alikuwa ameomba uji. Mukai aliipokea habari hiyo akiwa Kambi Muru, mwiko mkononi, akakaa chini kwenye kizingiti cha mlango wake, chakula kikaungua.

Kesho yake asubuhi, kabla ya wagonjwa kufika, alipita stejini Kawangware 56, kituo cha matatu, akanunua betri. Hakuiweka mara moja. Aliketi mbele ya seva akaandika programu fupi itakayofanya kazi kila mashine inapowaka: ikiona tarehe iko nyuma ya rekodi ya mwisho, isimame, iseme waziwazi kwenye kioo. Alipomaliza alizima hazina kwa utaratibu wake, kisha akamwita Mzee Kiarie.

"Mzee, toa plagi."

Mzee Kiarie aliitazama plagi, akamtazama yeye. "Unanichezea."

"Sikuchezei. Toa, kisha rudisha."

Aliitoa kwa vidole viwili. Akairudisha. Mashine iliamka mwaka 2012, ikasita, kisha maandishi makubwa yakatokea: Saa imerudi nyuma. Usizime. Mwite Mukai.

Mzee Kiarie aliyasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Mukai akazima mashine vizuri, akafungua kasha, akaiweka betri mahali pake.