Niliacha Kinanda cha Mume Wangu Kilowe

Nimekosa. Sitalipamba neno hilo. Nimekosa, na niliyemkosea hakunipiga, hakunifukuza, wala hakunitangaza kwa watu. Laiti angefanya mojawapo!

Nivumilie wewe unayesoma. Hapa ninapokaa sina wa kumwambia. Majina nimeyabadili na kanisa silitaji. Watu wa Tanga huenda wakajua, na wajue tu, nimechoka kuficha.

Mimi ni Mbondei. Niliolewa na mwalimu wa shule ya misheni, Mshambaa kutoka milimani, mtu mpole asiye na maneno mengi. Tulipewa nyumba upande wa Pongwe, mashamba ya mkonge yametuzunguka, na ng'ambo ya uwanja kanisa.

Mle kanisani mlikuwa na kinanda. Usidhani ni hivi vidogo vya kukanyaga kwa miguu. Kile kilikuwa kikubwa kama chumba, filimbi za bati zimesimama mbele kwa urefu wake kama watoto wa shule mstarini, na nyuma yake filimbi nyingine za mbao ambazo mtu hazioni. Mjerumani alikileta kwa meli kabla ya vita vyake vya kwanza, vipande vipande ndani ya makasha. Kikipigwa, lazima mtu mwingine awe nyuma anasukuma mpini wa mivukuto ili kipate pumzi. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Hosea, aliyekuja zamani kama manamba kukata mkonge, akazeekea hapa hapa.

Mpigaji alikuwa mume wangu. Tena alikuwa ndiye tabibu wake. Alikifungua, akakisafisha, akaziba matundu ya mchwa, akatafuta ngozi ya kutilia viraka mivukuto. Jumapili watu walitoka mjini kuja kumsikiliza, hata Wazungu wa mkonge wasiosali. Nami nilikaa upande wa wanawake, kichwa juu! Ndiyo, nilijivuna.

Kisha Mungu akatupa mtoto, Neema.

Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Homa ikamshika. Asubuhi alinyonya vizuri tu, kesho yake jioni tulikuwa makaburini.

Matanga yalipokwisha, kila mtu akarudi kwake. Mume wangu hakulia. Nasema mbele yangu hakutoa hata chozi moja! Alitoka shule, akanywa chai amesimama, akavuka uwanja kwenda kwenye kinanda chake, na hakurudi mpaka giza linaingia. Leo hivyo, kesho hivyo.

Nyumba ikawa kubwa. Jamani, nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa! Nilikaa jikoni na nguo za mtoto mapajani, huku filimbi zile zinavuma ng'ambo mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Nikajisemea, huyu amemsahau. Amemsahau mtoto, na mimi kanisahau pamoja naye.

Siku moja wakati wa chakula nilimwuliza, "Baba Neema, ukiwa kule huwa unatukumbuka?"

"Wewe sikusahau," akasema.

"Na mtoto?"

Akaweka tonge chini, akanawa mikono, akatoka. Hata nusu sahani hakufika. Punde nikasikia kinanda.

Nilimlalamikia jirani yangu Bi Zuhura, mwana wa Kiarabu mwenye duka pale njiani. Maskini, alitaka kunichekesha tu. "Shoga, wewe una mke mwenza wa mbao! Mshukuru Mungu. Huyo hadai kanga, hanuni, wala hazai."

Nilicheka. Lakini neno lile la mwisho lilinishuka kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu hapo nikakichukia kile kinanda. Mimi ndiye niliyefagia kanisa, na nikifika pale nilikipita, vumbi nikaliacha. Nilikinunia kama ninavyoweza kumnunia mtu. Ndivyo upweke unavyomfanya mtu mjinga!

Ulikuwa mwaka ule Malkia wa Waingereza alipokuwa avikwe taji. Misheni ilitaka ibada kubwa, na kinanda kiwe tayari. Lakini mivukuto ilikuwa inavuja. Mume wangu akaamua kupanda treni kwenda kwao milimani, ambako mjomba wake alijua kulainisha ngozi ya mbuzi mpaka inakunjika kama kitambaa.

Masika yalikuwa yameingia, na paa la kanisa lilikuwa limeliwa na hewa ya chumvi, linavuja juu ya kinanda penyewe. Alinipeleka sakristia, chumba cha kuwekea vyombo vya ibada, akanionyesha turubali.

"Mvua ikianza, kifunike. Ikikatika, kifunue, kisije kikaota ukungu. Ningemwachia Mzee Hosea, ila amekwenda msibani Moa. Nakutegemea wewe."

"Nenda tu," nikamwambia. "Nitakifunika."

Na nilikusudia kukifunika, haki ya Mungu!

Mvua ilianza mchana, mvua ya masika hasa, ile inayopiga bati hadi husikii unachosema. Nilinyanyuka, nikajitanda kanga, nikafika mlangoni. Nikatazama ng'ambo. Kanisa silioni vizuri kwa maji.

Nikasimama pale. Nikawaza jinsi alivyonifundisha kulikunjua turubali polepole kinanda kisikwaruzwe. Mtoto wetu alipokuwa anaungua kwa homa, nilikuwa nahangaika peke yangu na nguo mbichi ya kumkanda, na yeye alikuwa kule anafundisha kwaya, mpaka mtu akaenda kumwita.

Nikarudi nikakaa kwenye kigoda. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Kilowe."

Kikalowa. Mvua haikukatika mpaka asubuhi, na mimi sikuondoka kwenye kile kigoda ila kwenda kulala.

Nilipofungua kanisa, maji yalikuwa yametuama sakafuni. Mbao zimetutumka, gundi imeachia, filimbi mbili tatu zimeinama kama watu waliolewa. Nilibonyeza kibao kimoja cha kupigia. Kilizama, hakikurudi juu. Nilikuwa nimetaka kukiumiza kidogo, nami nimekiua!

Mume wangu akarudi, ngozi ameiviringisha kwapani. Nilimpokea njiani nikilia. Nikamwambia nilikifunika, lakini upepo uliingia madirishani ukalipeperusha turubali. Uongo ulinitoka laini kama nilikuwa nimeukariri.

Aliingia kanisani, akapitisha mkono ndani ya sanduku la filimbi, akautoa unachuruzika maji meusi. Akazunguka nyuma. Akaingia sakristia, akakaa humo kitambo. Alipotoka akaniangalia.

"Wewe hukulowa?" akaniuliza.

"Nililowa," nikasema.

"Pole, Mama Neema."

Wazee wa kanisa walikutana. Walikuwa na hasira, kwani wageni walikwisha alikwa. Mume wangu akasimama mbele yao. "Kosa ni langu. Turubali sikuliacha na kamba. Mke wangu alifanya alivyoweza."

"Mwalimu, tulikuamini," mzee mmoja akasema.

"Najua, mzee. Nisameheni."

Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nimeinamisha uso, wanawake wananipapasa mgongo kunipa pole! Nilipewa pole, mimi! Wakamwondolea kwaya. Kikaletwa kinanda cha kukanyaga na mpigaji mwingine, kijana wa mjini. Filimbi zikateremshwa zikalazwa ghalani, mbao zikaachiwa mchwa.

Basi nikampata mume wangu. Akitoka shule akabaki nyumbani. Si ndivyo nilivyotaka? Alikaa barazani, mikono mapajani, vidole vimetulia. Nikimwuliza neno, anajibu. Nikimpa chai, anashukuru. Jumapili aliketi kiti cha nyuma kabisa, na wimbo ukianza alifungua kinywa kama wenzake, lakini mimi niliyemjua niliona haimbi.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja Mzee Hosea alikuja kuomba chumvi. Mume wangu hakuwapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama. Mwalimu hajambo?"

"Hajambo."

Akashika chumvi yake, hakuondoka. Kisha akauliza, "Mama, siku hizi Mwalimu analilia wapi?"

Sikumwelewa. "Analilia wapi vipi? Mume wangu halii, mzee. Hata mtoto alipokufa hakulia."

Mzee yule alinitazama kama mtu aliyekanyaga pasipofaa. "Mama, mimi nilikuwa nyuma nasukuma mpini. Kila siku alianza na ule wimbo tuliomzikia mtoto. Anafungulia filimbi zote, zile kubwa kabisa, kisha analia kwa sauti. Huku nje mnasikia kinanda tu. Mimi namsikia yeye. Hatukuzungumza jambo hilo hata siku moja. Nilidhani mwenyewe unajua."

Mola wangu! Ile sauti iliyotetemesha vikombe vyangu kabatini, mimi nimekaa na nguo za mtoto mapajani nikiilaani, ndani yake mlikuwa na kilio cha baba yake! Tulikuwa tunamlilia mtoto mmoja saa ile ile, uwanja mmoja umetutenga!

Mume wangu aliporudi alinikuta nachambua kunde. Akaketi kunisaidia. Nikashindwa kungoja.

"Baba Neema, sikukifunika kinanda. Hapakuwa na upepo. Nilikaa hapa nikakiacha kilowe, makusudi."

Aliendelea kuchambua kunde. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Turubali nililikuta sakristia limekunjwa kama nilivyolikunja mwenyewe. Lilikuwa kavu."

"Na ukawaambia wazee kosa ni lako?"

"Ningewaambia kweli, wewe hapa ungebaki na nani?"

Nikaangua kilio. Nikamshika miguu, nikamwomba anisamehe. Akaniinua, akanifuta uso kwa kiganja chake.

"Nilikwisha kusamehe siku ile ile, Mama Neema. Ila sijapata mahali pengine."

"Lilia hapa," nikamwambia. "Lilia kwangu."

Alijaribu. Naapa alijaribu! Aliniegemea, nikasikia kifua kinapanda na kushuka, nikangoja. Kisha akajitoa taratibu, akaniomba radhi. Akaniomba radhi yeye! Akarudi kwenye kunde.

Mwaka uliofuata aliacha ualimu. Sasa yuko kituo cha Amani, huko milimani, karani kwa wale Wazungu wanaochunguza miti na wadudu. Anasema kule msituni ni kimya, panamfaa. Mwisho wa mwezi anakuja, ananiletea iliki na chai ya milimani, anauliza hali ya nyumba, analala, anaondoka. Hajanifokea hata siku moja. Jamani, ningefurahi angenifokea! Tunaishi kwa adabu kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja.

Mtoto mwingine Mungu hajatupa. Bi Zuhura ananiita nikakae dukani kwake, naenda, nacheka wanapocheka wengine, narudi kuwasha taa yangu.

Ewe mke, ewe mume unayesoma haya, kama mwenzako ana kitu anachokikimbilia, iwe kinanda, iwe shamba, iwe kibaraza cha rafiki, usikivunje. Usikionee wivu kabla hujajua kinamfanyia kazi gani. Na msiba ukiingia nyumbani, msigawane vyumba vya kulilia. Mwulize mwenzako. Akinyamaza, usikae kwenye kigoda ukimhukumu. Mfuate huko huko aliko, hata kama hakukuita, ukae kimya ubavuni mwake mpaka amalize. Mimi sikumfuata. Sasa mume wangu nimebaki naye, lakini akitaka kulia hashuki kuja kwangu.