Ukuta wa Spana za Baba Irine

Joash Mosoti sijamsamehe, na wanaoniombea nimsamehe wanajichosha. Alimfanya mume wangu aonekane mwizi mbele ya kanisa zima, na jambo kama hilo halimezwi na chai. Nitaeleza lilivyokuwa mwanzo hadi mwisho, asije mtu baadaye akasema Filister ameongeza chumvi.

Mume wangu anaitwa Jacktone. Ni fundi wa injini hapa Kosele: pampu za kunyunyizia mboga, mashine za kusaga, jenereta, chochote kinachonguruma. Ufundi alijifunzia Rongo kwa mzee mmoja mkali, Bogonko, ambaye akikasirika alikuwa anawarushia wanafunzi bisibisi. Joash alikuwa mwanafunzi mwenzake. Walilala chumba kimoja, walikula sahani moja, na Jacktone alipokuja kwetu kunioa, Joash ndiye aliyembebea mama yangu blanketi. Huyo mtu nimempikia samaki kwa mikono hii miaka kumi na miwili. Najutia hata mafuta niliyotumia.

Jacktone ana mkono mzuri, hilo hata adui hakatai. Lakini mambo ya kupanga vitu, sifuri. Tulijenga chumba cha mabati kando ya nyumba tukisema siku moja tutaweka gari ndani. Gari halikuja, zikaja spana. Zilikaa kwenye pipa, kwenye magunia, chini ya kiti, nyingine nilizitoa kwenye sufuria yangu ya ugali. Akitaka spana namba kumi na tatu alikuwa anaipapasa kwa mguu kwenye lundo, kama mtu anayetafuta ndala gizani, na ajabu ni kwamba alikuwa anaipata. "Mama Irine, mimi najua kila kitu kiko wapi," alikuwa ananiambia. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana.

Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya makambi, ule mkutano wetu Waadventista wa wiki nzima, jenereta ya kanisa ikagoma. Jacktone alikuwa shemasi, na funguo za stoo ya kanisa zilikuwa kwake. Akamwita Joash, ambaye wakati huo alikuwa na karakana yake Homa Bay, waifungue pamoja hapa nyumbani. Waliifungua nati kwa nati. Siku ya kuirudishia, pampu ya dizeli haikuonekana. Ni kitu kidogo, ukubwa wa ngumi, lakini bila hicho jenereta ni chuma tu. Wakatafuta siku mbili, hakuna. Makambi yakafika, wageni wakaja kutoka Rongo na Homa Bay, kwaya ikaimba bila spika, na mhubiri akakaukiwa na sauti siku ya tatu.

Baraza la kanisa likakaa. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, kwa hivyo hakuna aliyenisimulia, nilisikia mwenyewe. Joash akasimama akasema, "Mimi niliiacha mkononi mwa Jacktone. Na Jacktone hajui hata kilichoko kwake. Labda imepotea, labda ameiuza, mimi sijui."

Labda ameiuza. Alilisema polepole, kama mtu anayekoroga sukari. Wote wakamgeukia mume wangu, naye akanyamaza kama maji mtungini. Wakamvua ushemasi, wakachukua funguo, na kufika Jumatatu wateja walikuwa wanafunga injini zao kwenye boda boda kuzipeleka Homa Bay kwa Joash.

Miaka miwili Jacktone alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Aliacha kuimba besi. Watoto wa shule ya Sabato walikuwa wanapewa sahani ya sadaka wampitishie haraka, kama ataila. Mimi nilikuwa naamka na Joash kichwani na kulala naye kichwani, na si kwa mapenzi. Nilitaka asimame palepale alipomsimamisha mume wangu, atazamwe na macho yaleyale. Hilo tu. Sikutaka afe, nilitaka aone haya.

Mwaka huu nikajua nitakavyomtia adabu. Si alisema Jacktone hajui kilichoko kwake? Basi nitapanga kile chumba cha mabati mpaka kila kitu kijulikane, hadi msumari. Kisha nitawaita wazee waje watafute, na Joash awepo.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Nilimwaga pipa uani, nikamwaga magunia, nikaosha kila chuma kwa dizeli hadi kucha zangu zikawa nyeusi. Nilichukua mabaki ya plaiwudi kwa seremala wa sokoni, nikayapigilia ukutani, nikapanga spana kutoka ndogo hadi kubwa. Kila kifaa nilikilaza kwenye mbao nikachora umbo lake kwa mkaa, halafu nikapaka rangi nyeupe ndani ya umbo, ili kikitoka nafasi yake ibaki inakutazama. Nati na bolti niliziweka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, na nje ya kila mkebe nikafunga kwa waya bolti moja, ujue bila kufungua kilichomo. Misumeno juu, nyundo chini, koleo katikati. Sijawahi kufanya kazi kwa chuki tamu namna ile.

Jacktone alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni ananiangalia. "Mama Irine, wacha tu," akasema siku moja. "Mambo ya kanisa yatapoa."

"Yatapoa Joash akishasimama mahali alipokusimamisha," nikamjibu. "Nipe hiyo nyundo."

Akanipa. Nilimwona mwoga siku hiyo, na nilimwambia hivyo.

Jumapili niliyopanga, wazee wakaja. Alikuja Mzee Simeon, mzee wa kanisa, pamoja na Nyakerario, mwenyekiti wa akina mama, ambaye haogopi mtu. Joash akafika na pikapu yake kutoka Homa Bay, shati limenyooshwa, ananisalimu "shemeji" kama hakuna kilichotokea. Nikafungua mlango wa mabati nikawaambia, "Karibuni. Tafuteni."

Ungewaona. Mzee Simeon alivua kofia. Nyakerario alipita mkebe kwa mkebe, anafungua, anatia mkono, anafunga. Walihesabu spana, wakaangalia juu ya boriti, wakainua hata gunia nililotandika chini. Saa nzima. Pampu hakuna, wala nafasi ya kuificha hakuna.

Mzee Simeon akamgeukia Joash. "Ulisema uliiacha mkononi mwake. Uliona akiiweka wapi?"

Joash alikuwa anaangalia ukuta wangu. Aliutazama kwa muda mrefu, umbo moja baada ya lingine, na nikaona uso wake unalegea. "Sikuona," akasema. "Kwa mtu anayeweka vitu hivi… sijui. Labda ilibaki kwenye pikapu yangu. Labda mimi ndiye niliyeipoteza."

"Useme hivyo Sabato," nikamwambia, "palepale mbele, kwa mdomo uleule."

"Nitasema, shemeji."

Wakaondoka. Nilijisikia mwepesi kiasi cha kutaka kuimba. Nikaingia jikoni kuweka chai, na Jacktone akanifuata, jambo ambalo hafanyi. Akashika mlango.

"Filister," akasema. Tangu Irine azaliwe alikuwa hajaniita jina langu. "Pampu ilikuwa hapa."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Niliitia kwenye mkebe wa dizeli safi, nikafunga mdomo kwa karatasi ya nailoni isiingie vumbi. Hivyo ndivyo Bogonko alivyotufundisha. Nikauweka ndani ya pipa, chini kabisa, halafu nikasahau, nikamwagia spana juu. Niliupata miezi minne baadaye. Walikuwa wameshasema nimeiuza. Ningeirudisha, wangesema nimeogopa nimerudisha. Nilipoenda Homa Bay kununua pistoni, nikaitupa ziwani."

Sikumwuliza kwa nini hakuniambia. Nilijua. Angeniambia vipi, na mimi kila asubuhi nilikuwa nataka damu ya mtu?

"Nitamwambia Joash asisimame," akasema.

"Hutamwambia," nikasema. "Umenyamaza miaka miwili, siku sita zitakushinda? Yeye alisema umeuza. Uliuza? Hukuuza. Basi atasema alichosema atasema." Na nikaendelea kumimina chai. Wiki hiyo nzima nilimpigia Jacktone pasi suti yake mara mbili, nikashona kifungo, na kila alipofungua mdomo nikamwambia ale.

Sabato ilipofika nilikaa kiti cha mbele. Joash akasimama akiwa ameshika Biblia yake mikono miwili. Akasema alimsingizia ndugu yake, kwamba pampu ilipotea mkononi mwake yeye, na kwamba neno la kuuza lilitoka kwa wivu, kwa sababu Bogonko alimpenda Jacktone kuliko yeye. Machozi yalikuwa yanamtoka. Watu wakamtazama kama walivyomtazama mume wangu, macho yaleyale, na mama mmoja nyuma yangu akasonya. Nilikuwa nimelisubiri sonyo hilo miaka miwili. Lilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Kabla hajamaliza, Jacktone akainuka kutoka kiti cha nyuma. Watu walidhani anakwenda kumkumbatia, wengine wakaanza kusema amina. Akafika mbele, akasimama karibu na Joash bila kumgusa, akasema, "Kaa chini, ndugu yangu. Ilikuwa kwangu." Akaeleza yote: mkebe, nailoni, pipa, ziwa. Hakuongeza, hakupunguza. Sauti yake ilikuwa ile ya besi, ambayo hatukuwa tumeisikia muda mrefu.

Joash akakaa kwenye ngazi ya madhabahu, akafunika uso. Mzee Simeon akaangalia kiti cha mbele, akaniangalia mimi, na kanisa lote likaangalia alikoangalia.

"Mama Irine," akasema, "wewe ulijua?"

Ningesema hapana, Jacktone angenifunika. Namjua, angenifunika mpaka kaburini. Alikuwa tayari anafungua mdomo.

"Nilijua tangu Jumapili," nikasema. "Na ningemwacha Joash aseme mpaka amalize."